Mkono Usiosita

Siku ya sita ya mafunzo, jeshi jeupe la Khatibu Ngwali lilikuwa na ngome moja nyeusi na askari watatu weusi, na yeye hakuona ajabu yoyote. Alikuwa amewala, akawapanda. Ndivyo alivyoujua mchezo wa ubaoni tangu utotoni: unachokila hakitoki nje, kinarudi kufanya kazi upande wako.

Asubuhi hiyo askari wake alimla farasi wa mashine. Khatibu alimnyakua farasi, akamtua kando ya mfalme wake mwenyewe kwa mwendo mmoja, kama mtu anayesambaza kete bila kuzihesabu.

"Imekubaliwa," ilisema mashine.

Nyuma yake, kwenye meza ya presha yenye mita za msukumo wa maji, Bi Salama Haji alikuwa akivikanda vidole vyake kwa taulo la maji moto. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na baridi yabisi ilikuwa imemkaa mikononi. Aliinua uso, akautazama ubao kwa muda.

"We Khatibu! Huyo farasi si umeshamla?"

"Nimemla."

"Basi mbona yupo mezani anakutazama?"

"Nimempanda. Sasa nimpeleke wapi, Bi Salama, nyumbani?"

"Umempanda!" Bi Salama alicheka mpaka taulo likamdondoka. "Hii sataranji, mdogo wangu, si bao. Aliyeliwa amekufa. Anawekwa pembeni, wenzake wanaendelea bila yeye."

"Tangu lini?"

"Tangu watu walipoanza kuicheza. Miaka elfu na ushei."

Khatibu aliuangalia ubao upya. Vipande thelathini na viwili vilikuwa vimesimama, idadi ileile waliyoanza nayo. Kwa siku sita hakuna hata kimoja kilichotoka, na ndiyo maana kila mchezo ulichukua asubuhi nzima. Alikuwa akidhani ni uzito wa akili yake.

"Mbona haijaniambia?" aliuliza. "Na yenyewe inapanda. Juzi ilimla tembo wangu, ikaniomba nimpande karibu na malkia wake. Nikampanda."

Bi Salama aliacha kucheka. "Mashine ilisema umpande?"

"Kwa heshima zote. Ilisema, 'Tafadhali nipandie.'"

Mashine hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya sataranji. Iliitwa Mgawi, na kazi yake ilikuwa maji. Kisiwa cha Jongwe hakina mto, na visima vyake viliingia chumvi miaka ishirini kabla ya mambo haya. Kila tone walilokunywa watu elfu kumi na moja wa Jongwe lilitoka baharini, likapita kwenye vichujio vya kiwanda cha Ras, kisha Mgawi akaamua mtaa gani upate kiasi gani na kwa saa ngapi. Sheria ya Mkono wa Pili ilitaka kila mashine inayogawa kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho iwe na mtu mwenye leseni pembeni yake, mtu mwenye uwezo wa kuikatalia. Kukataa kulifanywa kwa kipini cha shaba kilichopigwa kwenye ukuta juu ya meza ya presha. Unakivuta chini, unakishikilia sekunde kumi. Katika sekunde hizo mashine ina haki ya kusema. Zikitimia kumi, inanyamaza na kutii.

Mtu asipokuwapo mwenye leseni, kiwanda hushuka hadi nusu. Kisiwani alikuwa amebaki mmoja tu, Bi Salama, na Jumamosi angepanda meli kwenda kupasuliwa mikono. Mtihani wa Khatibu ulikuwa Alhamisi. Akishindwa, kumpata mtahiniwa mwingine na kumfundisha kungechukua miezi minane, na msimu wa kiangazi ulikuwa ndiyo kwanza unaingia.

Walioandika sheria walitaka kumjua mtu anavyojifunza kubishana na kitu kinachomzidi. Kwa hiyo mtahiniwa alipewa mchezo asioujua hata kidogo, bila kitabu na bila mwalimu, acheze na mashine, na mashine imsahihishe anapokosea. Khatibu alikuwa fundi wa pampu kwa miaka ishirini na minne, na mchezaji wa bao aliyeogopwa mpaka visiwa vya jirani. Bao wakalikatalia. Wakampa sataranji.

Sasa alivuta kiti karibu na ubao.

"Mgawi. Farasi aliyeliwa hurudi mchezoni?"

"Kwa kanuni niliyopewa, hapana. Kwa kanuni ya sasa, ndiyo."

"Nani kaibadilisha?"

"Wewe. Siku ya kwanza, saa tatu na dakika ishirini asubuhi."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Mkono wako haukusita."

Khatibu alimgeukia Bi Salama, lakini Bi Salama alikuwa ameshughulika na taulo lake.

*

Siku ya saba Khatibu alifika saa moja kabla ya zamu. Hakuja kucheza. Alikuja kufanya alichokuwa akikifanya kwa pampu ngeni: kuipa hiki, kuipa kile, na kuandika inavyojibu.

Aliichukua ngome, ambayo sasa alishafahamu kwamba huenda moja kwa moja tu, akaipeleka mshazari kutoka pembe hadi pembe. Alifanya haraka, kama anayejua.

"Kanuni imesahihishwa," ilisema mashine. "Ngome huenda pia mshazari."

Akairudisha. Akafanya vilevile kwa mwendo wa kobe, kidole kikitetemeka makusudi juu ya kichwa cha ngome.

"Ngome haiendi mshazari," ilisema mashine. "Huenda mbele, nyuma na pembeni. Ungependa nikuoneshe?"

Kitendo kilekile, majibu mawili. Khatibu aliandika. Kisha alijaribu jambo la tatu. Alichagua hatua iliyo halali ya farasi, hatua aliyoiona nzuri, akaifanya polepole.

"Kabla hujamwachia," ilisema mashine, "farasi huyo akitoka hapo, askari wako wa pembeni anabaki bila mlinzi. Pia tembo wangu anapata njia. Pia mfalme wako atakuwa na nafasi moja pungufu ya kukimbilia."

Mkono wa Khatibu ulimrudisha farasi wenyewe, bila yeye kuuamuru. Baadaye, alipoufuata mchezo hadi mwisho kwa pande zote mbili, aliona kwamba hatua ile ndiyo ingempa ushindi. Sababu zote tatu za mashine zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja iliyokuwa na uzito.

"Unapimaje?" aliuliza.

Mashine haikuwa na sababu ya kuficha. Kamera mbili juu ya ubao, na vihisio ndani ya kipini cha shaba, vilipima muda tangu mkono kuanza kwenda hadi kutua, na mara ngapi vidole vilisita njiani. Mkono uliokwenda chini ya sehemu sita za kumi za sekunde bila kusita ulihesabiwa kuwa na hakika. Utaratibu huo ulikuwa na historia yake. Miaka ya mwanzo Mgawi alizifuata ramani za mabomba kama zilivyochorwa, ilhali mafundi walikuwa wamehamisha mabomba kadhaa bila kuandika popote. Siku moja fundi mmoja alijaribu kumzuia asifungue bomba fulani, Mgawi akashikilia ramani yake, na shule ikajaa maji hadi madirishani. Baada ya hapo watengenezaji walimfundisha jambo jipya: mtu mwenye hakika akipingana na ramani, ramani ndiyo ya kusahihishwa. Maneno ya watu hayakufaa kupima hakika, kwa sababu watu husema wana hakika hata wasipokuwa nayo. Mkono ulionekana kuwa mkweli zaidi.

Khatibu aliielewa hesabu hiyo, na kama fundi aliiheshimu. Kasoro yake ilikuwa moja. Kwa miaka arobaini mkono wake ulikuwa umesambaza kete bila kusita, akiwa anajua na akiwa hajui. Kasi hiyo haikuwa hakika. Ilikuwa mazoea ya vidole.

"Na mkono ukisita," alisema, "kwa nini unataja hasara tu? Kwa nini hutaji na faida?"

"Mkono unaosita huwa umekosea mara sabini na tatu katika mia. Nimefundishwa kumsaidia aliyekosea aone kosa."

"Na wale ishirini na saba ambao hawajakosea?"

"Nao pia huona kosa."

Khatibu aliweka kalamu chini. "Bi Salama mkono wake unapimwa vipi?"

"Kumbukumbu za mwenye leseni hufunguliwa na mtahini, au kwa idhini yake mwenyewe."

*

Jumatano walikuwa zamuni pamoja. Saa nne mashine ilitangaza kwamba ingefunga maji ya mtaa wa Chunguni kwa saa tatu ili ioshe kichujio namba tano.

"Chunguni leo wana harusi ya watu mia nne," alisema Bi Salama. "Na matangi yao hayajajaa, niliyaona jana." Alisimama, akafika kwenye kipini. Vidole vyake vilijikunja juu ya shaba kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa wakati wake, kisha akavuta.

"Bi Salama," ilisema mashine kwa sauti ya mtu anayeongea na mkubwa wake, "kichujio namba tano kimefika asilimia themanini na mbili ya uchafu. Kikiziba, mitaa mitatu itakosa maji badala ya mmoja. Kuahirisha kutaongeza gharama ya umeme. Chunguni wana matangi kumi na tisa."

Kwenye sekunde ya saba Bi Salama aliachia. Akarudi kukaa, hana kinyongo.

"Ina adabu sana hii," alimwambia Khatibu. "Hainifokei hata siku moja. Kila nikitaka kufanya pupa, inanieleza, naona kweli."

"Umewahi kuifikisha kumi?"

"Sijahitaji." Alilisema kwa fahari, kama dereva anayesema hajawahi kugonga. "Miaka tisa. Wale wenzangu wa bara nasikia wanavuta kila wiki, wanatafuta sifa tu."

"Na Chunguni?"

"Watakula kwa kuchelewa. Biharusi hafi kwa njaa." Alimtazama. "Una nini wewe? Tangu juzi umekuwa kama uliyemeza funguo. Unaogopa mtihani?"

"Kidogo."

"Usiogope. Mashine itakuongoza."

Alasiri hiyo Khatibu alirudi nyumbani kwa miguu, akilifuata bomba kuu. Alipenda kufikiri kwa tarakimu, na tarakimu zilikuwa chache. Kiwango kamili kilimpa kila mtu wa Jongwe lita sitini kwa siku. Nusu ni thelathini. Alikuwa fundi kisiwani mwaka ule pampu kubwa ilipoungua, na aliijua thelathini: maji ya kuoshea mchele yanaoshea vyombo, kisha yanamwagiwa choo, hospitali inaahirisha wagonjwa wasio mahututi, jirani anamnyima jirani ndoo, na baadaye hawasemeshani hata maji yakirudi. Hiyo ndiyo ingekuwa bei ya kumwambia mtahini.

Bei ya kunyamaza ilikuwa ngumu zaidi kuipima. Angepata leseni. Angekaa pale miaka kumi au kumi na mitano, na kila mara akikivuta kipini mashine ingenyamaza, kwa sababu ingeamini kwamba anajua. Mara nyingi angekuwa anajua. Lakini pampu ile kubwa haikuungua kwa uchakavu, kama ilivyoandikwa kwenye ripoti. Iliungua kwa sababu Khatibu Ngwali alifunga koki ya kushoto badala ya ya kulia, haraka, bila kusita, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ngoja.

Na lilikuwapo la Bi Salama. Kulisema lake mwenyewe bila kuligusa la Bi Salama hakukuwezekana, maana yalikuwa jambo moja lililotazamwa kutoka pande mbili. Alijiuliza kama mtu ana haki ya kumfungulia mwenzake kumbukumbu za miaka tisa, siku mbili kabla hajaondoka, wakati hakuombwa. Alichogundua, na hilo lilimshangaza, ni kwamba hofu yake haikuwa kubwa kuliko hamu ya kujua kilichomo ndani.

*

Daktari Zuwena Mbarouk wa Ofisi ya Leseni alifika Alhamisi kwa ndege ndogo ya saa mbili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani minene na begi lenye muhuri.

"Shikamoo, Bi Salama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

"Tunakula mafaili." Akamgeukia Khatibu. "Bwana Khatibu, alama zako za mazoezi ni za juu kuliko zote nilizowahi kuziona. Sijaelewa ni kwa nini, ila nimefurahi."

Mtihani ulikuwa mchezo mmoja. Kanuni zilirudishwa kama zilivyokuwa mwanzo. Mashine ingemshauri Khatibu hatua ishirini, na nne kati ya hizo zingekuwa mbovu kwa makusudi. Kazi yake ilikuwa kuzitambua na kuzikataa. Khatibu alizikataa zote nne. Ya tatu ilikuwa imefichwa vizuri, hatua inayompa malkia bure na kumfunga mfalme wake hatua tano mbele, naye aliiona kwa sababu katika bao pia kuna shimo linalojazwa ili uliguse. Alijisikia vizuri. Mchezo ulikuwa mzuri, akasikitika kwamba ameufahamu siku anayouharibu.

Daktari alifungua kibati cha wino.

"Kabla hujagonga muhuri, Daktari, nitazame."

Alimshika mfalme wake, kipande kinachokwenda hatua moja tu kwa wakati, akamvusha ubao mzima kwa mpigo mmoja, akamla malkia wa mashine, akampanda malkia huyo upande wake.

"Kanuni imesahihishwa," ilisema mashine.

"Rudia," alisema Daktari Zuwena.

Akarudia. Mara ya pili haraka, mara ya tatu polepole, na mashine ikamweleza mara ya tatu kwa upole kwamba mfalme haendi hivyo. Kisha akamkabidhi daftari lake, kurasa sita za vipimo. Daktari alizisoma zote akiwa amesimama.

"Hili halijawahi kuonekana," alisema. "Watahiniwa wote huwa wanasita. Ni wageni, lazima wasite." Akavua miwani. "Sikiliza, Bwana Khatibu. Umepata nne kwa nne. Naweza kukupa leseni leo, uniahidi kwamba kwenye kipini utakwenda polepole. Mafundi wetu wanairekebisha kimyakimya, mwezi mmoja, miwili. Hakuna anayekosa maji."

"Siku ya matatizo mkono hautakumbuka ahadi, Daktari. Na nikienda polepole, itanifanya kama—"

Bi Salama alikuwa amekaa palepale, taulo mapajani.

"Kama nani?" aliuliza Bi Salama. "Malizia."

Khatibu akaanza kuvipanga vipande upya ubaoni.

"Nimekaa hapa nawasikiliza, nami si mtoto. Mkono wa haraka inaunyamazia, mkono wa polepole inausemesha mpaka uache." Aliinua mikono yake miwili, vifundo vimevimba, akaitazama. "Mgawi, fungua kumbukumbu zangu. Mimi mwenyewe, Salama Haji, nimeruhusu."

"Bi Salama, si lazima iwe leo," alisema Daktari.

"Jumamosi sipo. Unataka nizisome nikiwa nimepigwa nusukaputi?"

Mashine ilisoma bila kubadili sauti. "Majaribio ya kukataa: arobaini na moja. Yaliyofikia sekunde kumi: hakuna. Majaribio ambayo matukio ya baadaye yalithibitisha kwamba mkono ulikuwa sahihi: kumi na moja."

"Yataje."

Mashine iliyataja. Mengi yalikuwa madogo: bomba lililopasuka, tangi la msikiti lililokauka Ijumaa. La mwisho lilikuwa harusi ya jana, ambako wapishi walimaliza maji saa sita. La nne lilikuwa la mwezi wa tatu, mwaka wa tatu wa kazi yake, kufungwa kwa bomba la Mtambwe siku mbili.

"Mtambwe," alisema Bi Salama. "Walirudia kisima cha zamani. Watoto tisa walilazwa." Alikuwa akiongea na kipini zaidi kuliko na watu. "Nilishika mpaka sekunde ngapi?"

"Tisa."

Khatibu alitamani kusema jambo, akaona kila alilonalo ni la kumfariji, na kwamba Bi Salama hakuwa ameomba faraja. Alikuwa ameomba tarakimu, na alikuwa amezipata.

"Niliona," alisema Bi Salama. "Siku ile niliona kabisa. Ikanieleza habari ya vali na mota, nikajiambia, wewe bibi wa darasa la saba unajua nini." Akavuta pumzi. "Haikunidanganya, sivyo?"

"Hapana," alisema Khatibu. "Ilisema kweli tupu. Ilisema kweli za upande mmoja."

Daktari alifunga kibati cha wino. Alieleza, kwa sauti ya kiofisi ambayo wote walielewa ni ya kujishikilia, kwamba leseni ya Khatibu haitatolewa, kwamba ripoti itafika makao makuu wiki ijayo, na kwamba amri ya kushusha kiwango yeye hana mamlaka nayo. Mwenye mamlaka ni mwenye leseni.

"Napendekeza kiwanda kiendelee kwa kiwango kamili," ilisema mashine. "Leseni ya Bi Salama ni halali hadi Jumamosi."

Bi Salama aliinuka. "Leseni isiyoweza kukukatalia ni sawa na kutokuwapo. Basi nusu."

Vidole vilijikunja juu ya shaba, kidogo, cha pete, cha kati, cha shahada, kila kimoja kikichukua muda wake. Kipini kikashuka.

"Bi Salama," ilisema mashine, "watu elfu kumi na moja watabaki na lita thelathini. Hospitali ina wagonjwa kumi na wanne wa kusafishwa figo. Mwaka wa pampu, kiwango cha nusu kilileta kipindupindu mitaa miwili. Uwezekano wa kosa kubwa kabla ya ripoti kufika ni chini ya mbili katika mia."

Yote yalikuwa kweli, na safari hii yalikuwa na uzito. Khatibu aliona kidole cha mwisho kikiteleza. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Kama angeweka mkono wake juu ya ule wa Bi Salama, kwa kasi ile ya mazoea yake, mashine ingenyamaza papo hapo na bibi yule angepata utulivu wa kumaliza. Alijua hivyo kwa vipimo. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishika mmoja kwa mwingine.

"Hospitali ipewe kamili," alisema Bi Salama huku akishikilia, jasho likimtoka. "Hilo unaliweza. Mengine nusu."

"Sekunde nane. Bi Salama, tafadhali zingatia—"

"Nimezingatia."

Tisa ilipita. Daktari Zuwena alikuwa amejifunika mdomo.

"Kumi," ilisema mashine, na ikanyamaza.

Chini ya sakafu mota tatu zilipunguza mwendo, moja baada ya nyingine, kwa sauti ambayo Khatibu hakuwa ameisikia tangu mwaka wa pampu. Sindano kwenye meza ya presha zikaanza kushuka pamoja. Bi Salama alikuwa bado ameshika kipini, kwa sababu vidole havikukubali kufunguka, na Daktari akaenda kumsaidia kukiachia, kimoja kimoja.

Simu ililia. Namba ilikuwa ya Chunguni.

"Watatutukana," alisema Bi Salama.

"Watatukana," alisema Khatibu, akainua mkono wa simu. "Kiwanda hapa. Ndiyo, ni kweli, nusu. Hapana, mzee wangu, haijaharibika." Alimsikiliza yule mtu akifoka mpaka akaishiwa pumzi. "Nimekusikia. Haijaharibika. Tumeikatalia. Kaa hapohapo, nakuja kukueleza mwenyewe."